Chuma cha Dakitari

Sufuria ya mama mkwe wangu ilizima moto wake yenyewe. Nilikuwa nimempelekea mtungi wa maji asubuhi, nikamkuta ameketi kwenye kigoda, mkono shavuni, anaangalia jivu lililolowa. Ndani ya sufuria maharagwe yalikuwa makavu kabisa. Mchuzi wote ulikuwa umeshuka kupitia tundu na kufanya kazi ya mvua pale chini.

"Imekojoa," akasema.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa sufuria ya alumini, kubwa, yenye viraka vitano. Nilivihesabu mara mbili, kwa sababu cha tano kilikuwa kimewekwa juu ya cha nne. Fundi wa soko la Kasikeu alikuwa ameigonga mpaka akaanza kutuonea haya, na siku moja akanirudishia bila kuigusa akisema, "Mama, hapa sasa nitakuwa naziba hewa." Matundu madogo tulikuwa tukiyaziba wenyewe kwa ugali. Unabonyeza kipande cha ugali kwenye tundu, unaweka motoni, kinakauka kama saruji, na siku tatu zinapita kwa amani.

Mtu wa nchi yenye maji matamu hatanielewa. Mto wetu ulipokauka, na ulikuwa ukikauka kila mwaka bila kukosa, tulichota kwa mashine iliyovuta maji kutoka chini sana. Maji hayo yalikuwa na chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu, na chai ilikunywa sukari kuliko watu walivyokunywa chai. Juu ya chumvi hiyo tulikuwa tunatia magadi, ili mahindi makavu yaive kabla ya kuni kwisha. Chumvi na magadi vikikutana ndani ya alumini, sufuria inakuwa nyeusi, kisha inatoa madoa kama ya ndui, halafu siku moja unachungulia ndani unaona moto unakuangalia.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimenunuliana sufuria kwa zamu, kila mwezi mama mmoja. Zamu ilipofika kwa mama wa mwisho, sufuria ya mama wa kwanza ilikuwa imeshatoboka. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Tulianza zamu upya.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Nyumba yangu na jiko la mama mkwe vilitenganishwa na shamba la mbaazi, hatua mia moja na arobaini, au mia moja na sitini nikiwa nimebeba maji. Mume wangu alikuwa kwenye petroli stesheni Mtito Andei, akijaza malori mafuta na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kama mwezi ulikuwa na mwisho.

Juma hilohilo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifika kutoka Nairobi kwa siku mbili. Aliangalia jivu lililolowa. Aliangalia mikono ya mama yake, vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Halafu akaniita nje kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Mama amezeeka. Jikoni atoke. Atakuwa anakula kwako."

"Na yeye amesema nini?"

"Mama atasema nini? Mwisho wa mwezi nakuja na mafundi. Tunabomoa hilo jiko, namjengea chumba cha mabati hapa kando yako. Ni raha hiyo, shemeji. Apumzike."

Alisema vizuri. Mtu ambaye hatabeba sahani huongea vizuri sana juu ya sahani. Nilituma ujumbe Mtito Andei kwa dereva wa lori, na jibu la mume wangu likarudi kwa dereva mwingine: "Fanyeni mnavyoona." Maana yake ni kwamba nifanye mimi.

Kwa hesabu yangu, kumlisha lilikuwa jambo dogo, kikombe kimoja zaidi cha mahindi kwenye chungu changu. Lakini jiko lile halikuwa la chakula peke yake. Juu ya mafiga yake zilining'inia mbegu zake zote, magunzi ya mahindi yaliyofungwa mawili mawili, na mtama, na vibuyu vya kunde. Moshi ndio uliokuwa askari wao. Moto ukizimwa mwezi mmoja tu, wadudu wanaingia kwenye mbegu na mchwa wanapanda kwenye nyasi za paa. Kisha kuna jambo ambalo shemeji alikuwa amelisahau huko Nairobi. Mwanamke wa kwetu asiye na moto wake huwa mgeni kila siku. Hatembelewi. Watu watamtembelea aende kuwapa nini?

Mwenyewe hakulalamika. Shemeji alipoondoka, aliniita.

"Mtoto wa wenyewe," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nilipoolewa, kwa mapenzi, na pia ili nisisahau. "Umewahi kukiangalia kile chombo cha dakitari?"

"Chombo gani, mwaitu?" Mwaitu ni mama yetu, kwa Kikamba, na sikumwita kwa jina jingine.

"Kile cha kuchemshia sindano, pale dispensari. Nimekaa pale mara nyingi kwa ajili ya hii mikono, na sina kazi ila kuangalia. Wanakichemsha asubuhi, wanakichemsha jioni. Maji ni haya haya ya mashine. Tangu nijue dispensari hiyo, chombo ni kile kile. Hakina tundu. Hakina hata doa. Nitafutie sufuria ya chuma cha dakitari kabla huyo hajarudi na nyundo zake."

Akafungua fundo la leso. Zilikuwa shilingi mia moja na arobaini. Halafu akatoa nyuma ya mlango kiondo, kipya, cha katani iliyotiwa rangi ya gome, kimesukwa kwa kukazwa hata maji yangefikiria mara mbili kabla ya kupita.

"Hiki ni cha mwisho. Vidole vilikuwa bado havijagoma. Kiuze."

Niliongeza sitini zangu, za jogoo wawili. Zikawa mia mbili. Nilizihesabu mara mbili na hazikuongezeka.

Jumanne nilianza na Kasikeu, kwa kuwa mguu haulipishwi nauli. Wauza sufuria walikuwa wanne na wote walikuwa na alumini.

"Stenlesi?" akacheka wa kwanza. "Mama, hapa sisi tukiona kijiko cha stenlesi tunapiga saluti."

Wa tatu alinipa sufuria inayong'aa mpaka nikajiona ndani yake nimechoka. "Hii ni stenlesi ya hapa kwetu," akasema.

Nilikwaruza chini kwa ukingo wa sarafu. Mng'aro ukatoka kama ganda la kidonda, na ndani kulikuwa na bati.

"Kwenu ni wapi," nikamwuliza, "ili nisipite?"

Ijumaa nilipanda mpaka Sultan Hamud. Fundi wa redio mmoja huko, mteja wangu wa mayai, aliniazima sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. "Ikishika, achana nayo, ni bati limevaa suti," akanifundisha. "Lakini alumini nayo haishiki. Kwa hivyo ukimaliza sumaku, gonga kwa sarafu. Alumini itasema bu. Stenlesi itasema ngiii, na itaendelea kusema wewe ukiwa umeshanyamaza."

Niliingia duka la vyombo nikiwa na sumaku ndani ya kitambaa kama mchawi. Sufuria ya kwanza niliyoigusa ilishika tii, nikalazimika kuvuta kwa mikono miwili.

"Mama, hiyo sumaku yako ni mgonjwa," akasema mwenye duka.

"Basi ni mgonjwa mwenye nguvu."

Ya pili haikushika, na ilisema ngiii vizuri, lakini bei yake ilikuwa ya kununulia mbuzi na kamba yake. Nilitoka. Miguu ilikuwa imevimba, na nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikala viazi vyangu viwili baridi na kuhesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na tano. Ndipo muuza nyanya aliyekuwa karibu akaniambia niende Emali siku ya mnada wa mifugo. Kulikuwa na Waislamu wa kutoka kaskazini mashariki, akasema, ndugu wawili. Mmoja hununua mbuzi, na mwingine huuza vyombo kwa wale waliouza mbuzi. Pesa ikitoka kwa ndugu huyu inarudi kwa yule kabla haijapoa.

Siku ya mnada Emali ilinuka mavi ya ng'ombe na chai ya iliki. Duka lilikuwa la mabati. Mwenyewe alikuwa mwembamba, ndevu zimepakwa hina, ameketi katikati ya masufuria yaliyopandana mpaka darini. Nilitoa sumaku.

Akaitazama, akanitazama. "Karibu, polisi."

Niligusa moja baada ya nyingine. Haikushika. Niligonga. Duka zima likaimba ngiii. Nikajua nimefika, na nikauficha uso wangu haraka, kwa maana uso unaofurahi hupandisha bei.

"Hizi ni za wapi? Zinaonekana za zamani."

"Za Mombasa. Zimeshuka kwa meli. Mama unataka ipi?"

"Sijasema nataka. Nimeingia kukwepa jua."

"Jua ni bure. Kaa."

Akashusha moja kubwa, yenye masikio mawili, na kuigeuza chini juu. "Angalia hapa chini. Chuma kimewekwa mara mbili. Ile nyembamba inaunguza katikati, hii haiunguzi. Hii utamwachia mjukuu. Mia tatu na ishirini."

Niliiinua. Ikiwa tupu tu, kiwiko kilinung'unika. Nikaona vidole vya mama mkwe, nikaijaza maji kichwani mwangu, nikaijaza mahindi na maharagwe, na nikamwona ameangukia moto. Nikaiweka chini. Kando yake kulikuwa na nyingine ya aina ile ile, chini mara mbili vilevile, lakini ndogo. Niliinua kwa mkono mmoja.

"Hii."

"Hiyo ya chai? Unapikia nani?"

"Mama mzee. Anaishi peke yake."

"Mama mzee hana wageni?" Akaisogeza ile kubwa karibu nami. "Chukua kubwa, mama. Mzee hapikiwi kwa kidogo."

Mimi nimekuwa sokoni tangu kifua changu kiko sawa na cha kaka zangu. Mtu akiniambia chukua kubwa, nasikia chukua bei kubwa. Nikatabasamu kwa upande mmoja.

"Hii ndogo ni ngapi?"

"Mia mbili na arobaini. Wallahi sipati hata shilingi kumi."

"Sisi kanisani tumekatazwa kuapa. Wewe punguza tu, nitakuamini bila kiapo."

"Mia mbili na thelathini."

"Mia na ishirini."

Akamwita ndugu yake aliyekuwa nje na mbuzi. "Njoo uone mama huyu! Mama, wewe ulizaliwa siku ya soko?"

"Nilizaliwa siku ya njaa. Soko nililikuta."

Tulikwenda hivyo mpaka jua likahama mlangoni. Mwisho nikatoa kiondo. Akakigeuza ndani nje, kisha akakivuta mikanda.

"Nani alisuka hiki?"

"Mwenye sufuria."

"Hiki ni hamsini. Nipe na mia na hamsini za pesa."

Nilipiga hesabu mara mbili na kukubali mara moja. Nilirudi nyumbani na sufuria ya chuma cha dakitari na hamsini mfukoni, nikiwa nimechoka vizuri, uchovu wa mtu aliyeshinda.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Akaigonga kwa ukucha. Ikaimba, akatikisa kichwa kukubali. Akapitisha kidole ndani, akanusa. Kisha akaupima mdomo wa sufuria kwa mkono, kutoka kwenye kiganja kwenda kiwiko, na mkono wake ukaupita, ukabaki nje.

"Hii ni sahani ngapi?"

"Tatu, mwaitu. Nne zikiwa ndogo kama za kanisani."

"Tatu ni za nani?"

"Zako. Mchana, jioni, na ya kesho asubuhi."

Akaiweka chini polepole. Kwa muda alikuwa anaziangalia mbegu zake pale juu.

"Kwa hivyo mmekubaliana," akasema. "Wewe na yeye. Yeye anauzima moto wangu kwa nyundo, wewe unauzima kwa sufuria. Bora nyundo. Inapiga kelele, mtu anasikia."

Nilianza kujitetea. Nikamweleza uzito, mikono yake, maji ya moto, jinsi nilivyopima nyingine kubwa na kumwona ameanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyomsikiliza mhubiri mgeni.

"Nani alikuambia mimi huinua sufuria?"

Nikaangalia mafiga.

"Umekuja hapa miaka kumi na mitatu. Umewahi kuniona nimebeba sufuria ya moto? Sufuria yangu inakaa kwenye mafiga. Maji naingiza kwa kata. Chakula natoa kwa upawa. Inakaa hapo mpaka ife. Kuinua ni mambo yenu ninyi wenye haraka." Akanyoosha vidole, kadiri vilivyonyooka. "Kinachoniua ni kusugua. Alumini ikishakuwa nyeusi, nasugua kwa mchanga mpaka nalia. Ndiyo maana nilitaka chuma cha dakitari. Kile wanapangusa tu. Nilikuambia kidogo, nilikuambia chepesi?"

Hakuwa ameniambia. Nilirudi kwenye maneno yake ya siku ile, nikayapitia tena. Tundu alisema. Doa alisema. Uzito ulikuwa wangu.

Kwa kuwa hakukuwa na chombo kingine, aliitumia. Alipaka nje udongo na majivu kama tunavyopaka sufuria zote ili masizi yasishike, akaitega katikati ya mafiga yaliyokuwa yamezoea kubwa, ikabidi ayasogeze. Siku ya nne wakaja wanawake wawili wa kanisa kuiombea mikono yake. Hakuna anayemwuliza mgeni kama amekula. Alipakua isyo, mahindi na maharagwe yake, sahani moja, sahani ya pili, na upawa ukagonga chini.

"Na wewe, mama?" wakamwuliza.

"Mimi nilikula mapema."

Hakuwa amekula. Mimi nilikuwa mlangoni na mtungi mgongoni, nikamwona anavyokunja mikono juu ya tumbo. Wale wanawake nao waliona. Walikula polepole, wakabakiza, wakaomba sala fupi. Walipotoka, mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Kumbe ni kweli anahamia kwako."

Siku ya nane niliiomba ile sufuria. Niliisugua kwa majivu na nyuzi za katani. Udongo ulitoka, masizi yakatoka, na kabla maji hayajapoa ikawa inang'aa kama siku ya kwanza, ndani haina doa. Yaani alikuwa amesema kweli juu ya chuma hicho, na kweli yake ilinichosha zaidi. Nikajaza mfuko wa ndengu, nusu debe iliyoshindiliwa, nikachukua ile hamsini, nikarudi Emali siku ya mnada. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Mwenye duka aliniona kwa mbali. "Polisi amerudi."

"Nataka kubadilisha. Nipe kubwa, nitaongeza."

Alichukua sufuria, akaiangalia ndani, akaiangalia masikio, halafu akaigeuza chini juu na kuipeleka mlangoni penye jua. Pale chini kulikuwa na mduara wa rangi, manjano na zambarau na buluu, kama mafuta ya gari yaliyomwagika majini. Mimi sikuwa nimeuona. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilikuwa nimesugua nje na sikuigeuza juani.

"Mama," akasema kwa upole, "huyu ameshaolewa. Utamrudishaje kwa baba yake?"

Ndugu yake wa mbuzi akacheka mpaka akashika nguzo. "Na mahari turudishe?"

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Sikuwa na maneno ya soko. Nilimweleza yote, shemeji na nyundo, wanawake wa kanisa, upawa uliogonga chini. Alisikiliza huku akiizungusha sufuria kwenye vidole.

"Nilikuambia chukua kubwa," akasema.

"Uliniambia. Nilidhani unauza."

"Nilikuwa nauza. Kwani anayeuza hawezi kusema kweli?"

Nikiwa nimekaa pale chini, macho sawa na chini za masufuria yake yote, mapya, yasiyo na rangi, wazo la soko likarudi lenyewe, kama mbuzi anayejua njia.

"Watu wakiingia hapa wanakuuliza nini kwanza?"

"Kama itatoboka."

"Na wewe unawajibu?"

"Wallahi haitatoboka."

"Na wanaamini?"

Akaendelea kuizungusha sufuria.

"Iweke hii mlangoni. Igeuze, waone hiyo rangi. Waambie imepikia maji ya chumvi na magadi siku nane, juu ya kuni, kwa mama mmoja wa Kasikeu, na waweke mkono ndani watafute doa. Hiyo ndiyo Wallahi yako. Mpya haiwezi kukusemea hivyo."

Ndugu wa mbuzi aliacha kucheka. Wakaongea kwa lugha yao, haraka, mara nikasikia Kasikeu, mara magadi. Halafu mwenye duka akanyoosha mkono kwenye mfuko wangu wa ndengu, akaupima.

"Hamsini yako, ndengu, na mfuko."

"Mfuko ni wangu wa kubebea."

"Utabeba nini sasa? Una sufuria."

Nikampa na mfuko. Alipoinama kuishusha ile kubwa nikaona kiondo cha mama mkwe kimening'inia ukutani nyuma yake.

"Kile ni bei gani?" nikauliza, kutaka kujua tu.

"Mia na ishirini. Lakini mke wangu amekataa nisiuze."

Nilifunga sufuria mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kuondoka kabla sijapiga hesabu hiyo mara ya pili.

Shemeji alifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mafundi wawili. Walitoka upande wa barabara, nami nilikuwa kwenye mbaazi nikawaona wanasimama. Paa la jiko lilikuwa linatoa moshi kila upande, kama mtu anayepumua kwenye baridi. Ndani, sufuria ilikuwa imekaa kwenye mafiga, imepakwa udongo, imejaa mpaka kwenye masikio, na wanawake wa kanisa walikuwa wamerudi, safari hii watano.

"Karibuni," mama mkwe akawaambia mafundi. Nyundo zikabaki mlangoni.

Alipakua mwenyewe. Upawa ulikwenda polepole, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kumsaidia. Nilihesabu sahani tisa, na yangu humo. Nilihesabu tena alipomwongeza shemeji ya pili, zikawa kumi, na upawa ulikuwa bado haujagonga. Ya kumi na moja ilikuwa yake, na aliila mbele ya watu wote bila haraka.

Shemeji alipangusa midomo. Akaangalia sufuria, akaangalia mbegu pale juu, akaangalia mafundi wake waliokuwa wanashiba.

"Sasa, mama, kile chumba cha mabati?"

"Jenga, mwanangu. Mbuzi wangu wanalowa."

Kilijengwa, na mbuzi waliingia. Jiko lilibaki.

Kilichobaki ni changu. Ile sufuria ya zamani ilikuwa na matundu hata ubavuni, kwa hivyo tulikuwa tunaijaza nusu. Hii hujazwa. Aliijaza kila siku, mgeni awepo asiwepo, maana sasa watu walikuwa wamesikia. Mtungi mmoja wa asubuhi haukutosha tena. Hilo sikuwa nimelihesabu hata mara moja, mimi na sumaku yangu. Jioni ya Jumamosi ileile, wageni walipoondoka, mama mkwe alimimina kata ya mwisho ya maji ndani ya sufuria, kata ikagonga chini, ngiii, na sufuria ikaendelea kusema.

"Mtoto wa wenyewe," akaita, "maji yamekwisha."

Nikachukua mtungi.